Wimbi la mkato na wimbi la mgeuko

wimbi la mkato nomino, ngeli ya LI-YA. Wingi: mawimbi ya mkato. Mtetemo unaosafiri ndani ya mwamba huku ukizisogeza chembe zake upande upande, kuukingama mwelekeo wa safari, hata mwamba ukabadilika umbo bila kubadilika ujazo. Alama yake ni S.

wimbi la mgeuko nomino, ngeli ya LI-YA. Wingi: mawimbi ya mgeuko. Mtetemo ulioanza safari kama wimbi la mgandamizo ukaendelea kama wimbi la mkato, au kinyume chake, baada ya kufika mpakani ambapo mwamba wa aina moja unakutana na wa aina nyingine. Alama yake ni PS au SP, kwa kufuata mpangilio wa safari.

Linganisha: *wimbi la mgandamizo*, *mwakisiko*, *taswira*, *mtetemo*.

Istilahi hizi mbili hukutwa katika ripoti za utafutaji wa gesi na mafuta, katika mihadhara ya jiofizikia, na hata katika taarifa za uwekezaji ambazo mfasiri huletewa jioni zikitakiwa asubuhi. Mara nyingi huambatana na kazi moja mahususi: kupata taswira ya tabaka zilizo chini ya mwamba wenye gesi, mahali ambapo wimbi la kawaida la utafutaji hupofuka. Jina la wimbi lisiposema mwamba unatendwa nini, msomaji hawezi kuelewa kwa nini wimbi moja lione pale ambapo jingine halioni. Makala haya yanaeleza maana ya istilahi hizo, yanapendekeza namna ya kuzitumia, na yanaonya juu ya makosa ambayo huharibu maana ya kisayansi bila kuharibu sarufi.

Mtetemo si tetemeko

Kitenzi *tetema* kimezaa nomino kadhaa, na mbili kati yake hugombania nafasi katika tafsiri za jiofizikia. *Tetemeko*, katika sikio la msemaji wa kawaida, ni tetemeko la ardhi: jambo la kubomoa nyumba, kama lile la Kagera la Septemba 10, 2016, au mfululizo wa matetemeko ya Desemba 2009 yaliyoitikisa Karonga, upande wa Malawi, jirani na Kyela. *Mtetemo* ni neno pana na tulivu zaidi. Mkazi wa Kihesa, mjini Iringa, anayeona maji yakichezacheza ndani ya glasi wakati lori zito linapopita katika barabara iendayo Dodoma, ameona mtetemo. Akipaza sauti kuwa ameona tetemeko, majirani watatoka nje.

Watafutaji wa gesi huzalisha mitetemo yao wenyewe. Nchi kavu hutumia baruti kidogo iliyofukiwa shimoni, au malori mazito yanayobana ardhi kwa bamba la chuma na kuitetemesha. Baharini hutumia mizinga ya hewa iliyoshindiliwa. Hakuna tetemeko la ardhi hapo. Tafsiri inayosema kwamba kampuni "itafanya utafiti wa matetemeko ya ardhi" katika kijiji cha bonde la Rukwa inawaambia wanakijiji jambo lisilokuwapo, na mkutano uliokusudiwa kujadili fidia ya mazao unaweza kugeuka kuwa mkutano wa hofu. Isemwe *utafiti wa mitetemo*, *data za mitetemo*, *kipima mitetemo*. *Tetemeko* libaki kwa lile ambalo ardhi yenyewe imelileta. Na hata hapo mawimbi yake ni mitetemo, kwa hiyo si kosa kusema "vituo vilinasa mitetemo ya tetemeko la Karonga".

Herufi P na S zatoka wapi

Herufi hizi zilianza kama kumbukumbu ya mpangilio tu. Kwa Kilatini, P ni wimbi linalotangulia kufika kwenye kipima mitetemo, na S ni wimbi linalofika la pili. Kwamba P yaweza pia kusomwa kama mwanzo wa neno *presha* ni bahati, na mwalimu hana haja ya kuitegemea.

Kuna wanaotafsiri kwa kufuata mpangilio huo: *wimbi la kwanza* na *wimbi la pili*, au *wimbi tangulizi* na *wimbi fuasi*. Katika habari za matetemeko ya ardhi tafsiri hizo hazina ubaya. Katika mwamba mgumu wa jamii ya matale, kama ule unaochomoza katika vilima vya Iringa na kuunda jiwe la Gangilonga, wimbi la P husafiri kwa kasi ya takriban kilomita 6 kwa sekunde na wimbi la S kwa takriban kilomita 3.5. Tetemeko likitokea kilomita 100 kutoka hapo, P itafika baada ya sekunde kama 17 na S baada ya sekunde kama 29. Watu huhisi mshtuko mdogo, wananyamaza kusikiliza, kisha mkubwa unafika. Kwanza na pili vinaeleweka.

Katika utafutaji wa gesi mpangilio huo huvurugika. Kipokezi kimoja hunasa mamia ya mawimbi yaliyoakisiwa na tabaka mbalimbali. Wimbi la P lililotoka kwenye tabaka la chini kabisa hufika likiwa limechelewa kuliko wimbi la S lililotoka kwenye tabaka la juu. Na wimbi lililogeuka njiani lilikuwa "la kwanza" liliposhuka na "la pili" lilipopanda. Mfasiri aliyeandika *wimbi la kwanza* na *wimbi la pili* katika ukurasa wa mwanzo wa ripoti atajikuta, kufikia ukurasa wa kumi, akiandika kwamba wimbi la pili lilifika kabla ya wimbi la kwanza. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, ila hakuna atakayeielewa.

Kwa hiyo katika uwanja huu mawimbi yaitwe kwa kitendo: *wimbi la mgandamizo* kwa P, *wimbi la mkato* kwa S. Alama zenyewe, P na S, zisitafsiriwe wala kubadilishwa kuwa herufi za maneno ya Kiswahili, maana ndizo zinazomwezesha mwanafunzi kusoma jedwali la lugha yoyote.

Mgandamizo, mkato, na gesi

Mwalimu anaweza kuonyesha tofauti kwa rundo la madaftari. Akiliwekea kiganja juu na kulibonyeza, amelipa mgandamizo: rundo linapungua kimo, umbo lake linabaki. Akiushika ukurasa wa juu na kuusukuma upande huku la chini limeshikiliwa, kila daftari linateleza kidogo juu ya mwenzake. Rundo linalala kama mnara unaoinama, lakini kiasi cha karatasi hakijapungua. Hicho cha pili ndicho mkato. Mwamba hupinga vitendo vyote viwili, kila kimoja kwa ugumu wake, na ugumu huo ndio unaourudisha mahali pake na kuufanya mtetemo uendelee mbele.

Sasa tuingize kimiminika na gesi. Bomba la sindano lisilo na sindano, likijazwa maji na kuzibwa mdomo kwa kidole, halibonyezeki. Likijazwa hewa, hubonyezeka kwa urahisi. Huo ndio upande wa mgandamizo, na hapo maji na gesi vina tabia tofauti kabisa. Kijiko kikizungushwa ndani ya maji na kuachwa, maji hayakirudishi kilikotoka. Hewa nayo haikirudishi. Huo ndio upande wa mkato, na hapo maji na gesi ni ndugu: vyote havina ugumu wowote wa kupinga mkato.

Kila linalofuata katika elimu hii limejengwa juu ya jaribio hilo la sindano na kijiko. Mwamba mashapo, kama mchangatope au mchanga ulioshikamana, una vinyweleo. Vinyweleo vikiwa na maji, wimbi la mgandamizo husukuma mawe na maji kwa pamoja, na maji husaidia kupinga. Gesi ikichukua nafasi ya maji, msaada huo huondoka. Katika kina cha kilomita moja au mbili gesi hubonyezeka kwa urahisi mara makumi, na pengine zaidi ya mara mia, kuliko maji. Kasi ya wimbi la P hushuka, nguvu yake hufyonzwa, na miale yake hupindishwa ovyo na mabaka ya gesi yasiyo na mpangilio. Wimbi la mkato halihusiki na ugomvi huo. Linabebwa na kiunzi cha chembe za mwamba tu, na kiunzi ni kilekile, vinyweleo viwe na maji au gesi. Kwa kweli huongeza kasi kidogo, kwa sababu mwamba wenye gesi ni mwepesi kuliko wenye maji.

Matokeo yake katika taswira ya P ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni giza: chini ya gesi tabaka hupoteza mstari, na mahali palipotarajiwa mwakisiko pana ukungu. Aina ya pili ni hatari zaidi kwa sababu inaonekana kuwa taswira nzuri: mawimbi yamecheleweshwa na gesi, kompyuta inadhani yamesafiri mbali zaidi, na tabaka huchorwa zikiwa zimezama. Kilima cha mwamba, ambacho kingeweza kuwa mtego wa gesi na mafuta, huonekana kama bonde. Kisima kimoja cha baharini hugharimu mamilioni ya dola, na mahali pa kukichimba huamuliwa kwa taswira.

Kwa nini "mkato" huleta mashaka

Kiswahili kina *njia ya mkato*, na kila msemaji anaijua kabla hajasikia habari ya fizikia. Mwanafunzi anayekutana na *wimbi la mkato* kwa mara ya kwanza huelekea kudhani ni wimbi linalopita njia fupi, hivyo lenye kuwahi. Ukweli ni kinyume: ndilo la polepole. Mkato pia ni alama ya uandishi, na katika matini ya fizikia mkato hutumika kwa namba za desimali katika nchi fulani. Juu ya hayo, neno la Kiingereza *shear* humaanisha pia kumkata kondoo manyoya, na programu za kutafsiri zimewahi kushawishika na maana hiyo.

Je, neno liachwe? Mpinzani wake wa karibu ni *mkingamo*, kutoka *kingama*, kulala kukata njia kama mti ulioanguka barabarani. *Wimbi la mkingamo* linaeleza vizuri mwelekeo wa chembe: zinakwenda upande, wimbi linakwenda mbele. Lakini mwanga nao ni wimbi la mkingamo, na mawimbi ya kamba ya gitaa pia. Mkingamo unataja mwelekeo, hautaji mwamba unatendwa nini. Na katika suala la gesi, kitendo ndicho kila kitu. Mtu akisema "gesi haipingi mkingamo" hajasema kitu chenye maana. Akisema "gesi haipingi mkato" ameeleza mbinu nzima kwa maneno matatu.

Makala haya yanapendelea *mkato*, kwa masharti mawili. Matumizi ya kwanza katika matini yaambatane na maelezo mafupi, kwa mfano "wimbi la mkato, yaani linaloupinda mwamba upande upande". Na pasipo haja ya kutaja kitendo, katika somo la mawimbi kwa jumla, *mkingamo* litumike bila wasiwasi. Maneno hayo mawili si wapinzani wa kufa na kupona.

Mgeuko, si kigeugeu

Wimbi la mgandamizo likifika kwa mshazari kwenye mpaka wa tabaka mbili, halibaki moja. Sehemu huakisiwa kama P, sehemu hupenya kama P, na sehemu nyingine hugeuka kuwa S, juu na chini ya mpaka. Likifika wima kabisa, mgeuko hautokei katika tabaka zilizolala sawasawa. Mshazari ni sharti.

Kwa wimbi hilo lililogeuka, umbo *wimbi geu* linavutia kwa ufupi wake. Hata hivyo *-geu* husema tabia: kinyonga na kigeugeu hubadilika wakitaka na hubadilika tena. Wimbi hili limegeuka mara moja, mahali panapojulikana, kwa sababu inayojulikana, na mahali hapo ndipo mtaalamu anapopatafuta. *Wimbi la mgeuko* linataja tukio, na lina faida ya kufuata mtindo mmoja na wenzake: mgandamizo, mkato, mgeuko. Katika sentensi ndefu *wimbi lililogeuka* nalo ni sahihi. *Wimbi lililogeuzwa* halifai sana, kwa kuwa linampa msomaji picha ya mtu aliyeligeuza, au ya wimbi lililopinduliwa juu chini, jambo ambalo lina maana yake nyingine katika uchakataji wa data.

Umuhimu wa mgeuko unaonekana zaidi baharini. Maji hayapingi mkato, kwa hiyo mzinga wa hewa ndani ya maji hauwezi kutoa wimbi la mkato, wala wimbi la mkato haliwezi kupanda kutoka sakafu ya bahari hadi kwenye meli. Njia iliyobaki ni hii: P ishuke kutoka juu, igeuke kuwa S inapoakisiwa kwenye tabaka lililo chini ya gesi, ipande kama S katikati ya gesi bila kusumbuliwa, na inaswe na vipokezi vilivyolazwa kwenye sakafu yenyewe. Safari ya kushuka inapangwa ipite pembeni ya gesi kadiri inavyowezekana, na hata ikipita ndani yake, wimbi linakutana na gesi mara moja badala ya mbili.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1993 kampuni ya Norwei, Statoil, iliweka vipokezi kwenye sakafu ya bahari katika eneo la Tommeliten, ambako gesi iliyovuja juu ya hifadhi ilikuwa imeifanya taswira ya P kuwa ukungu mtupu katikati. Taswira ya mawimbi ya mgeuko ilionyesha tabaka zilizoinuka kama kuba mahali ambapo P haikuonyesha chochote. Kutoka hapo mbinu ilienea. Katika eneo la Valhall, lenye tatizo kama hilo, nyaya za vipokezi zilizikwa sakafuni mwaka 2003 ili zibaki huko kwa kudumu. Katika Alba, upande wa Uingereza, tatizo halikuwa gesi: mchanga wenye mafuta ulikuwa na tabia karibu sawa na tope lililouzunguka machoni pa P, na mawimbi ya mgeuko ndiyo yaliyoutenga.

Statoil hiyohiyo, ambayo tangu 2018 huitwa Equinor, ndiyo iliyochimba kisima cha Zafarani katika bahari ya kina kirefu ya Tanzania mwaka 2012, ambako maji yana kina cha zaidi ya mita 2,500. Mpenda maneno atafurahi kujua kwamba visima vya kitalu hicho vilipewa majina ya viungo na mimea, Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini, na vya vitalu jirani majina ya viumbe wa baharini, Pweza, Chewa, Chaza, Jodari. Ni nadra Kiswahili kupewa ramani ya bahari namna hiyo. Gesi ya Tanzania yenyewe ilijulikana mapema zaidi: Songo Songo mwaka 1974 na Ghuba ya Mnazi mwaka 1982.

Tafsiri ya maelezo ya mgeuko ina mtego mmoja wa jiometri. Katika mwakisiko wa kawaida wa P juu ya tabaka lililolala, mahali pa kuakisi ni katikati ya chanzo na kipokezi. Katika mgeuko si katikati. S hupanda kwa mwinuko mkali zaidi kuliko P inavyoshuka, kwa hiyo mahali pa mgeuko husogea upande wa kipokezi. P ikiwa na kasi mara mbili ya S, katika tabaka zilizo mbali chini, mahali hapo ni theluthi mbili ya umbali kutoka kwenye chanzo. Ikiwa mara tatu, ni robo tatu. Neno *sehemu ya katikati* lisitumike hapa hata kama linasomeka vizuri. Isemwe *nukta ya mgeuko*.

Mgeuko katika Nyanda za Juu Kusini

Si lazima kwenda Norwei kuuona mgeuko ukifanya kazi. Kusini mwa jiji la Mbeya, matawi ya Bonde la Ufa yanakutana: Rukwa kutoka kaskazini-magharibi, Usangu kutoka kaskazini-mashariki, na Nyasa kutoka kusini. Penye makutano hayo pamesimama volkeno za Ngozi, Rungwe na Kyejo. Gesi ipo tele. Hewa ukaa hutoka ardhini kwa wingi katika eneo la Kyejo kiasi kwamba kampuni ya TOL Gases huikusanya na kuiuza, na katika bonde la Rukwa, ambako Amoco ilipima mitetemo na kuchimba visima vya Ivuna na Galula katika miaka ya 1980, habari za heliamu zilitangazwa duniani mwaka 2016.

Hapo chanzo cha mitetemo hakikuwa mzinga. Kati ya 2013 na 2015 mradi wa kimataifa wa SEGMeNT, ulioshirikisha wataalamu wa Tanzania, Malawi na Marekani, ulitandaza vipima mitetemo kuzunguka Rungwe na kaskazini mwa Ziwa Nyasa, vingine vikizamishwa kwenye sakafu ya ziwa. Vilisubiri matetemeko ya mbali, ya upande mwingine wa dunia. Wimbi la P la tetemeko kama hilo hupanda kutoka chini. Likifika mpakani ambapo ukoko wa dunia unakaa juu ya tabaka la chini yake, sehemu yake hugeuka kuwa S. Vyote viwili hufika kwenye kipima kilekile, S ikichelewa. Ukoko ukiwa na unene wa kilomita 40, S iliyogeuka huchelewa kwa sekunde kati ya 4 na 5, na kuchelewa huko hupimwa na kubadilishwa kuwa kina. Kwa njia hiyohiyo, vituo 20 vilivyowekwa nchini mwaka 1994 na 1995 vilionyesha kuwa ukoko wa sehemu kubwa ya uwanda wa Tanzania una unene wa takriban kilomita 37 hadi 42.

Rungwe pia inamsaidia mwalimu kusahihisha sentensi moja inayokaririwa shuleni: "wimbi la S halipiti kwenye kimiminika." Ni kweli kwa kimiminika kitupu, kama ziwa, bahari, au kiini cha nje cha dunia. Si kweli kwa mwamba *wenye* kimiminika, maana kiunzi cha mwamba bado kipo na ndicho kinachobeba wimbi. Mwanafunzi aliyekariri sentensi hiyo atashindwa kuelewa jinsi S inavyopita katika mchanga uliolowa maji. Na mwamba ukianza kuyeyuka kwa joto, kiunzi chenyewe hulegea. S hupungua kasi kuliko P. Ndiyo sababu uwiano wa kasi ya P kwa kasi ya S hutazamwa kwa makini: gesi huushusha, uyeyukaji huupandisha. Mfasiri akibadilisha nafasi za maneno *hushusha* na *hupandisha* katika ripoti ya Rungwe, amebadilisha gesi kuwa lava.

-enye gesi, uliojaa gesi, wa gesi

*Mwamba wa gesi* humfanya msomaji afikirie mwamba ulioumbwa kwa gesi. *Mwamba uliojaa gesi* husema kiasi, na kiasi ndicho kisichojulikana. Gesi ikiwa asilimia 5 tu ya kilichomo ndani ya vinyweleo, na maji asilimia 95, ugumu wa mchanganyiko huo wa kupinga mgandamizo hushuka hadi chini ya robo ya ule wa maji matupu. Wimbi la P, kwa hiyo, hulia karibu kwa sauti ileile mbele ya gesi kidogo isiyo na faida na mbele ya hifadhi tajiri. *Mwamba wenye gesi* ni usemi salama: unasema gesi ipo, hausemi ni kiasi gani. Ripoti iliyosema *wenye* ikitafsiriwa *uliojaa*, msomaji wa Kiswahili ameahidiwa utajiri ambao mwandishi hakuutaja.

Mwakisiko wenye nguvu usio wa kawaida huitwa *doa angavu*. Doa angavu katika taswira ya P lisiloonekana katika taswira ya mgeuko hudokeza gesi, maana S haikuona tofauti. Doa likionekana katika zote mbili, yawezekana ni aina ya mwamba tu iliyobadilika. Kwa gesi inayopanda kupitia nyufa na kutia ukungu kila kilicho ndani na chini yake, *wingu la gesi* linafaa likiwa limetandaa, na *dohani ya gesi* likiwa limesimama wima.

*Taswira* ipendelewe kuliko *picha* katika matini rasmi, kwa kuwa inayotazamwa imekokotolewa, haikupigwa. *Kuakisi* ni kurudisha. *Kupinda* ni kubadili mwelekeo wakati wa kupenya. *Kugeuka* ni kubadili aina. Vitenzi hivi vitatu visibadilishane hata kwa ajili ya kuepuka marudio.

Upatanisho na mifano

Wingi huonyeshwa kwenye *wimbi* peke yake: *mawimbi ya mkato*, *mawimbi ya mgeuko*. Maumbo *mawimbi ya mikato* na *mawimbi ya migeuko* si sahihi, ila *migeuko* peke yake hutumika kwa matukio mengi ya kugeuka: "Migeuko miwili ilitokea, mmoja kwenye mpaka wa juu na mwingine chini ya gesi."

*Wimbi la mgandamizo lilififia lilipopita katika wingu la gesi, lakini wimbi la mkato lilipanda bila kufifia.*

*Vipokezi vya sakafuni vilinasa mawimbi ya mgeuko yaliyotoka chini ya mwamba wenye gesi.*

*S ilichelewa kwa sekunde 4.6 baada ya P, na kuchelewa huko kulitumiwa kukadiria unene wa ukoko.*

Kipokezi cha sakafuni hunasa mitetemo ya pande tatu pamoja na shinikizo la maji, jumla vipimo vinne kwa wakati mmoja. Usemi wa Kiswahili ni *kipokezi cha vipengele vinne*. *Kipokezi cha pande nne* si sahihi, kwa sababu pande ni tatu, na kipengele cha nne hakina upande.